Mshika Dau Anayeupa Ulingo Mgongo

Saa nane kasorobo mchana, Jumapili. Mvua inapiga bati za uwanja wa ngumi wa Thung Hin, mkoani Roi Et, na Lamduan Phimsri anafuta kiti chake cha plastiki kwa taulo. Akimaliza anakigeuza kiutazame umati na kuupa ulingo mgongo, kisha anakaa taratibu, akitanguliza mguu ulio mzima.

Nyuma yake mabondia wa pambano la kwanza wanauzunguka ulingo wakitoa heshima kwa walimu wao. Zumari inalia, ngoma inajibu. Mama huyu wa miaka 58 hageuki. Amekaa hivyo kila Jumapili kwa miaka kumi na saba.

"Wenzangu wanalipa kiingilio waone ngumi," anasema huku akifungua kopo la biskuti lililochakaa rangi. "Mimi nalipwa nisione."

Kazi yake ni kushika dau. Kambi inayoleta bondia huleta pia pesa zilizochangwa kijijini kwake, na pesa hizo hukaa kwa Lamduan mpaka mwamuzi anyanyue mkono wa mmoja wa mabondia. Mkono ukishanyanyuliwa, kopo linafunguliwa na kambi iliyoshinda inabeba zote, zake na za mwenzake.

Malipo yake ni baht 300 kwa siku, na chakula cha mchana juu yake: wali wa kunata na kuku wa kuchoma kutoka kibanda cha mlangoni. Siku nyingine za wiki anafunga kingo za nyavu za kuvulia samaki kwa ajili ya kiwanda kimoja cha mkoa wa jirani. Kazi hiyo humpa kama baht 150 kwa siku, ikiwa uzi haukumkata vidole.

"Vya kushoto vimekwisha," anasema, akivinyoosha mezani kama mtu anayeonyesha samaki wasionunulika. "Vya kulia nimevitunza vya kuhesabia."

Aliipata kazi hiyo kwa njia ambayo yeye mwenyewe huisimulia bila kujisifu. Mwanamume aliyekuwa akishika kopo kabla yake aliondoka nalo wakati watu wakishangilia, akapanda basi, na hajaonekana tena. Wachezaji kamari wa huku husema mtu wa namna hiyo amechomoa panga. Wenye uwanja wakaanza kutafuta mtu ambaye hata akitaka, hawezi. Lamduan alikuwa ameanguka kutoka kwenye lori la mpunga miaka michache nyuma, nyonga ikavunjika na kuunga vibaya.

"Walinichagua kwa sababu siwezi kukimbia," anasema. "Uaminifu walinipachika baadaye."

Miaka miwili ya mwanzo alikuwa akitazama ulingo kama watu wengine. Kisha likatokea pambano lenye utata, na wanaume wanane wakamzingira mezani wakitaka aseme aliyeshinda ni nani. Uliona! Sema ulichoona! Aliwajibu, na jibu lake likawafurahisha wanne na kuwakasirisha wanne. Aligongwa kichwani na chupa ya bia. Jumapili iliyofuata aligeuza kiti.

Kwa kuwa haoni ulingo, anaona mikono ya watu. Thung Hin hakuna tiketi za kubeti wala karatasi. Mtu ananyanyua vidole upande huu wa ukumbi, mwingine anamwitikia kwa kidevu upande ule, macho yao yanakutana, na tayari wameshafungana. Bei hubadilika kila bondia anapopigwa goti la mbavu. Anayeongoza bei yake hupanda, tatu kwa moja, tano kwa moja, mpaka hakuna anayetaka kumpinga.

Kona za mabondia nazo husoma bei hiyo. Kocha akitaka kujua kama kijana wake anaongoza, hawaangalii majaji. Majaji hawasemi kitu. Anautazama umati. Na bondia aliyekwisha kuongoza akifika raundi ya tano hapigani tena. Anarudi nyuma, anacheza miguu, anangoja kengele, na hakuna anayemlaumu.

Hapo ndipo ilipoanzia shida ya Lamduan na kaka yake.

Kaka huyo ni Khampun, mwenye miaka 63, mkulima wa mpunga na kocha wa kijiji cha Nong Waeng, kilomita kumi na nne kutoka uwanjani. Kambi yake ni uvungu wa nyumba yake ya nguzo: magunia matatu ya kupigia, kioo kilichopasuka na ng'ombe mmoja anayesumbuliwa na kelele. Bondia wake ni mwanawe, Det, kijana wa miaka 22.

Mwezi wa pili mwaka huu, Det alipigana hapa akiwa kona nyekundu. Kaya arobaini na moja za Nong Waeng zilichanga pesa za mavuno, zikafika baht 60,000. Kambi ya bluu, ya bwana Prasong kutoka wilaya ya jirani, iliweka kiasi hicho hicho. Zote zikaingia katika kopo.

Hadi raundi ya tatu mabondia walikuwa sambamba. Raundi ya nne, mwanamume mmoja wa shati la maua, mgeni kutoka mjini, alianza kupiga kelele za nyekundu. Nyekundu tano kwa moja! Nyekundu nane! Vijana wanne waliokaa mbalimbali ukumbini wakamwitikia. Bei ya nyekundu ikaruka mpaka kumi kwa moja.

Lamduan aliyaona yote. Aliona kwamba ni mikono mitano tu iliyo juu, ileile mitano. Watu wa siku zote, wale anaowajua kwa miaka kumi na tisa, walikuwa wameshusha mikono na kukunja nyuso. Bei ile ilikuwa imepikwa. Wakati huohuo watu wengine wawili wa mgeni yule walikuwa wakimbetia bluu kimyakimya kwa bei ya kutupa.

Khampun, kutoka konani, aliona bei ya kumi kwa moja na kuamini kwamba mwanawe ameshamaliza kazi. Akamwambia arudi nyuma. Det akacheza miguu raundi ya tano yote, huku wa bluu akimfuata na kumkusanyia pointi. Majaji wawili walimpa bluu, mmoja akampa nyekundu.

"Nilitamani kukohoa," Lamduan anasema. "Kikohozi tu. Kaka yangu ananijua tangu nanyonya. Ningekohoa mara moja angegeuka, angeniangalia usoni, angeelewa. Nilikibana kikohozi mpaka machozi yakanitoka."

Kwa nini alikibana?

"Kwa sababu nusu ya pesa zilizokuwa mapajani mwangu zilikuwa za bwana Prasong."

Mwamuzi aliponyanyua mkono wa bluu, uwanja ulichafuka. Watu wa Nong Waeng walitaka kopo lisifunguliwe mpaka kamati ya uwanja ikae. Lamduan alilifungua. Kanuni ya hapa ni ya zamani kuliko yeye: dau hufuata mkono ulionyanyuliwa siku ile, mbele ya watu, na kitakachosemwa baadaye ofisini hakirudishi senti.

Na kweli lilisemwa jambo baadaye. Wiki moja kupita, kamati ilitazama picha za video na kumpumzisha jaji mmoja kwa miezi miwili. Matokeo hayakubadilishwa. Kwa watu wa Nong Waeng hiyo ilikuwa chumvi kwenye kidonda. Kama jaji alikosea, pesa zetu zimekwendaje? Waliuliza hivyo sokoni, waliuliza hekaluni, na kwa kuwa jaji anakaa mbali na Lamduan anakaa karibu, walimuuliza Lamduan.

"Mimi sikushika uamuzi, nilishika pesa," huwajibu. Jibu hilo ni sahihi, na halijawahi kumsaidia.

Gari linalogawa nyavu likaanza kupita mlangoni kwake bila kusimama, kwani dereva ni mtu wa Nong Waeng. Kwa wiki saba hakuwa na nyavu za kufunga. Mtu mmoja alimmwagia saladi ya papai iliyooza kwenye ngazi. Khampun hakumfanyia lolote kati ya hayo. Yeye aliacha tu kumwita kwa jina. Akawa anasema "yule mwanamke wa kopo."

Lililomuuma kuliko yote lilitokea mwezi wa nne, siku ya Songkran, mwaka mpya wa huku, wadogo wanapowamwagia wakubwa maji ya maua mikononi kuwaomba radhi na baraka. Lamduan alikwenda Nong Waeng na bakuli lake la maji ya marashi. Ndugu walipanga foleni. Khampun alikuwa amekaa mkekani, mikono imenyooshwa, akimwagiwa na mmoja baada ya mwingine. Zamu ya dada yake ilipofika, aliiingiza mikono chini ya taulo.

"Nilisimama pale na bakuli," anasema. "Watoto walikuwa wanacheka wakidhani ni mzaha. Nikayamwaga kwenye mche wa ndizi, nikaondoka." Anafuta kopo ambalo tayari ni kavu. Amechoka, na hafichi.

Leo ni marudiano. Det na bondia yuleyule wa bluu, pambano la tano. Bwana Prasong ameshaleta dau lake, baht 25,000, limefungwa kwa mpira wa bluu. Upande wa nyekundu bado. Na hapa kuna desturi ambayo kila mtu ukumbini anaijua: kambi moja ikimkataa mshika dau hadharani, hakuna kambi nyingine itakayomwachia pesa tena. Kaka yake akipita bila kusimama, kazi imekwisha leo.

Saa tisa na nusu, Khampun anatokea mlangoni, suruali imelowa mpaka magotini. Anasimama mbele ya meza. Fundi pikipiki mmoja anayeitwa Chalong, mcheza kamari wa kila Jumapili na mdomo wa kila siku, anaacha kutafuna karanga zake za kuchemsha.

"Nina swali moja," Khampun anasema. Hamtaji jina wala hamwiti dada. "Siku ile ulikuwa unaangalia mikono ya watu. Ulijua bei imepikwa?"

"Shangazi Duan, sema hukujua," Chalong ananong'ona kwa sauti inayosikika mpaka kibanda cha kuku. "Sema tu, yaishe!"

"Nilijua, kaka," Lamduan anasema.

Khampun anaegemeza mikono mezani.

"Na hukuniambia."

"Sikukuambia."

"Angekuwa mama yetu yuko ulingoni, usingemwambia?"

"Nisingemwambia. Mama angenipiga baadaye, lakini nisingemwambia."

"Una roho ngumu kama kinu," anasema Khampun, na anaondoka. Mfuko wa shati lake umevimba bahasha. Hakuitoa.

Lamduan anaendelea na pambano la pili, la tatu. Anapokea, anahesabu, anafunga mpira, anatoa. Wali wake wa kunata umebaki kwenye kikapu vilevile. Bwana Prasong anapita mara mbili kutazama kama kuna dau la nyekundu, na mara zote mbili anajifanya anatafuta choo.

Dakika kumi kabla ya pambano la tano, bahasha inatua mezani kwa kishindo.

"Hesabu," Khampun anasema. "Mara ile kaya arobaini na moja. Mara hii kumi na saba. Wengine wote wamesema wewe ni adui."

"Na wewe umesema nini?"

"Nimesema adui angesema hakujua." Anageuka kwenda konani, kisha anarudi hatua moja. "Na mimi bado nimekasirika. Usije ukadhani."

"Sijadhani," anamjibu, akiwa tayari ameinamia noti. Zimetimia 25,000. Anazifunga kwa mpira mwekundu.

Pambano linaanza. Lamduan analisikiliza kwa mgongo: ugoko ukigonga ugoko, kamba zikilia, umati ukipaza sauti kila goti linapoingia. Mbele yake mikono inapanda na kushuka. Raundi ya kwanza na ya pili bei haina mwenyewe. Raundi ya tatu inaegemea nyekundu, kisha bluu.

Raundi ya nne, shati la maua linasimama. Ni mtu yuleyule, kabadilisha maua tu. "Nyekundu nne! Nyekundu sita kwa moja!" Vidole vya vijana wake vinajibu kutoka pembe nne za ukumbi. Lamduan anavihesabu kama alivyovihesabu mwezi wa pili. Ni vilevile. Watu wa siku zote wameshusha mikono.

Analikumbatia kopo. Hawezi kugeuka kumtafuta kaka yake kwa macho, na kikohozi kimekuja tena kooni, kimekaa pale. Anakimeza. Kengele inalia, na dakika mbili za mapumziko zinapita kama mtu mwenye kilema akivuka barabara.

Kengele ya raundi ya tano inalia. Mara, kupitia kelele zote zile, anaisikia sauti ya Khampun nyuma yake, imepasuka kwa kupiga ukelele.

"Det! Usiwaangalie watu! Waache na vidole vyao! Piga, baba, piga mpaka kengele!"

Lamduan anafumba macho. Ugoko unagonga ugoko, tena na tena, na hakuna anayecheza miguu. Uso wake umelegea, na kwa mara ya kwanza tangu mchana anaonekana kama mtu aliyekaa kupumzika.

Det anapiga mpaka kengele, na anashindwa. Majaji wawili bluu, mmoja nyekundu, sawasawa na mara ile. Mtangazaji anasoma, na Lamduan anageuka, kwani hiyo ndiyo sekunde pekee ambayo kazi yake inamruhusu. Anauona mkono wa bluu ukienda juu. Anageuka tena mbele.

Chupa za plastiki zinaanza kuruka. Nusu ya ukumbi inaapa kwamba nyekundu kaibiwa, nusu nyingine inaapa kwamba hata wangepigana wiki nzima bluu angeshinda. Watu wa Nong Waeng wanaifikia meza kabla ya bwana Prasong. Mwanamume mmoja mnene anakandamiza kifuniko cha kopo kwa kiganja.

"Usifungue! Leo hufungui, mama! Tunakwenda kwa kamati!"

"Ondoa mkono, mdogo wangu," Lamduan anasema. "Nina watu wa pambano la sita wananingoja."

"Mara mbili! Mara mbili mnatufanya mabwege!"

Khampun anashuka kutoka konani. Begani ana taulo lenye damu ya mwanawe. Anajipenyeza hadi mezani, anamshika yule mnene kifundo cha mkono, na anaung'oa mkono ule juu ya kifuniko bila haraka.

"Mzee, tumeibiwa tena!"

"Labda tumeibiwa, labda tumepigwa. Mimi nilikuwa karibu kuliko wewe na sijui." Anahema. "Lakini mkono umenyanyuliwa. Niliuona, na wewe uliuona. Mwacheni dada yangu afanye kazi yake."

Ni miezi saba tangu alipolitamka neno hilo mara ya mwisho. Lamduan anafungua kopo, anatoa mafungu mawili, la mpira mwekundu na la bluu, na anamkabidhi bwana Prasong baht 50,000 mbele ya kila mtu. Bwana Prasong anapokea kwa mikono miwili na kuinama mpaka paji la uso linagusa pesa, kisha anatoka kwa mlango wa nyuma, kwa kuwa si mjinga.

Baadaye, meza ikiwa imetulia, Det anakuja kuaga. Jicho moja limefumba na mdomo umekuwa wa mtu mwingine.

"Shangazi, leo sikucheza miguu."

"Nilisikia," anamwambia, na kumpa kikapu chake cha wali. "Kula pole pole, upande usiouma."

Kijana anakula amesimama. Kijijini wanakorudi leo hakuna atakayewapokea kwa ngoma, na kaya kumi na saba zina lao la kusema. Khampun yuko mlangoni akingoja mvua ipungue. Hajaja tena mezani, wala hajatazama upande huu.

Lamduan amewaambia wenye uwanja kwamba mwakani, baada ya Songkran, anaacha. Watafute mtu mwingine asiyeweza kukimbia. Anataka kufunga nyavu siku sita, na Jumapili alipe baht mia kama watu, akae kule juu kwenye mbao, auangalie ulingo. Det ana miaka mitatu minne ya kupigana imebaki. Shangazi yake hajawahi kumwona akipiga hata ngumi moja.

Lakini kwanza kuna Songkran yenyewe. Anasema atakwenda Nong Waeng na bakuli, atasimama kwenye foleni kama wadogo wote, na zamu yake ikifika atangoja mikono itoke.

Na ikifichwa tena chini ya taulo?

Mama huyu anafunga kopo la biskuti, analifuta, analitia kwapani.

"Mara ile niliondoka upesi mno," anasema. "Safari hii nitakaa hapohapo mkekani na maji yangu, tuone nani atachoka kwanza. Si walisema siwezi kukimbia?"